Aliyetuma Ndiye Anayejibu: Ajali ya Kazi Mbele ya Desturi na Sheria

Kwenye kilio chochote cha mji wetu wa Kalemie, kabla watu hawajaketi vizuri, mzee mmoja atauliza: "Mutoto huyu alikufa namna gani?" Na kama marehemu alikufa kazini, ulizo la pili linafuata mara moja: "Alikuwa kazi ya nani?" Wageni wanaweza kufikiri ni udadisi wa wazee. Sivyo. Ulizo hilo la pili limebeba sehemu kubwa ya desturi yetu, na tumeanza kulisahau maana yake.

Miaka fulani iliyopita nilikaa kwenye kilio cha kijana mmoja, msaidizi wa fundi wa kujenga. Alianguka kutoka juu ya miti ya kupandia ukutani. Miti ile ilikuwa imefungwa kwa kamba za nailoni zilizochoka kwa jua, na kila mtu aliyepita njiani aliziona. Siku ya pili mwenye nyumba alifika. Alileta sanduku nzuri, magunia mawili ya unga, ndakala, na bahasha. Watu walimpigia makofi, bamama wakaimba, wengine wakasema: "Huyu ni mutu ya Mungu kabisa." Mjomba wa marehemu akasimama, akashukuru kwa adabu, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Bwana, hii yote umetuletea, ni pole ao ni deni?" Mwenye nyumba akashangaa. "Ni pole, muzee. Deni gani tena? Ajali haina kinga. Ni mambo ya Mungu." Mjomba akakaa chini, hakusema neno.

Haikupita mwezi, tukasikia ya kwamba shangazi wa yule kijana, mjane mzee aliyeishi peke yake, amekimbia mji usiku. Vijana wa ukoo walisema ni yeye aliyemla.

Kwa muda mrefu niliyaona hayo kuwa mambo mawili tofauti: moja la kazi na franka, lingine la ulozi na ujinga. Leo naamini ni jambo moja. Ndilo ninalotaka kueleza katika kurasa hizi, kwa ajili ya wale kati yetu wanaoandika watu kazi, hata kama ni mtu mmoja tu wa kulinda duka.

1. Pole na deni

Tuanze na maneno yenyewe, sababu lugha yetu inatofautisha mambo haya vizuri kuliko sisi tunavyofanya.

Pole inatoka kwa kila mtu. Jirani anayeleta sahani ya unga anatoa pole. Mwalimu anayekuja na wanafunzi wake kuimba anatoa pole. Hakuna aliyewalazimisha, na hakuna atakayewauliza kama wakikosa kuja. Kipimo cha pole kinatoka moyoni mwa mtoaji na katika mfuko wake. Tena pole ina mwisho: matanga yakivunjwa, imekwisha.

Deni ni kitu kingine. Deni lina mwenyewe, aliye mmoja, anayejulikana. Kipimo chake hakitoki katika moyo wa mlipaji, kinatoka katika kitu kilichoharibika. Mtu aliyepoteza mkono wa kuume hakupoteza gunia mbili za unga. Alipoteza kazi ya miaka ishirini ao thelathini. Watoto wa yule aliyekufa watataka kula hata baada ya kilio, watataka minervali ya shule, watataka nguo. Na mtu akilipa deni lake hapigiwi makofi, anaambiwa tu: "Vizuri, tumemaliza."

Kwa hiyo, mwenye kazi anayegeuza deni kuwa pole anachukua mara mbili. Anabaki na mali iliyopaswa kutoka, tena anapata sifa juu yake. Sisemi ya kwamba anafanya hivyo kwa ubaya wa moyo. Yule mwenye nyumba alilia machozi ya kweli mbele yetu. Lakini machozi ya kweli hayabadilishi hesabu.

2. Wazee walihesabu namna gani

Watabwa, Waholoholo, Waluba, Wabembe na wengine tunaokaa pamoja katika mji huu hatuna desturi moja katika ndoa ao katika urithi. Wengine wanahesabu ukoo kwa mama, wengine kwa baba. Lakini juu ya mtu aliyetumwa, nimewasikia wazee wa pande zote wakisema karibu neno moja.

Tuchukue mfano wa kila siku. Umemtuma mtoto wa jirani akakuletee maji, nyoka akamwuma njiani. Je, unaweza kusimama mbele ya wazazi wake na kusema: "Nyoka haikuwa yangu"? Utachekwa. Hakuna anayesema wewe ulimfuga yule nyoka. Hakuna anayesema ulikuwa na nia mbaya. Lakini mguu ule ulikuwa katika safari yako. Maji yangefika, ungekunywa wewe. Basi kama faida ya safari ni yako, hasara ya safari haiwezi kuwa ya mtoto peke yake. Utambeba, utatafuta dawa, utakwenda wewe mwenyewe kwa wazazi wake kabla hawajakuita, na utakaa pale mpaka mambo yatengenezwe.

Mtu wa kazi alihesabiwa kama mtu wa kuazima. Anayeazima mtumbwi anaurudisha. Ukipasuka mikononi mwake, hasemi "mawimbi ndiyo yaliyoupasua". Anayeazima mtu ana wajibu mkubwa zaidi, sababu mtu hana bei ya kununulia mwingine. Ndiyo maana mambo haya yalisemwa mbele ya wakubwa wa ukoo, na katika pande nyingi ni mjomba, ndugu wa mama, aliyesimama kuuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kusudi damu isipotee bila jibu.

Tuangalie vizuri: desturi hii haikuuliza kwanza nani alikosa. Iliuliza nani alituma. Kosa likionekana, lilikuwa jambo la kuongeza juu, na malipo yalizidi. Lakini hata bila kosa, aliyetuma alijibu.

3. Ulizo la "nani" likikosa jibu

Hapa ndipo lazima tuseme ukweli juu ya upande wa giza wa desturi, kusudi tusiisifu kwa upofu.

Kaskazini ya nchi yetu, katika bonde la Uele, wanaishi Waazande. Mwaka 1937 mtaalamu Mwingereza, Evans-Pritchard, alitoa kitabu kilichojulikana sana juu ya mawazo yao. Alieleza mfano wa ghala ya chakula. Watu wamekaa chini ya ghala kupumzika kwenye kivuli, ghala inaanguka, inawaumiza. Waazande wanajua kabisa ya kwamba mchwa walikula nguzo. Wanajua pia ya kwamba watu walikaa pale sababu ya jua kali. Ulizo lao ni lingine: kwa nini ilianguka saa ile ile, juu ya watu wale wale? Na jibu lao ni ulozi.

Wasomi wengi wakisoma mfano huu wanacheka mchwa na mlozi. Mimi naona ndani yake jambo la kwetu. Moyo wa mtu aliyefiwa hautosheki na jibu la "namna gani". Unataka "nani". Na huo si ujinga. Ni madai ya haki: mtu wetu hawezi kutoka duniani kama jani linaloanguka, bila mtu yeyote kusimama na kusema "mimi najibu". Ujinga unaanza pale tunapomtafuta huyo mtu mahali asipo.

Sasa rudini kwenye kilio chetu. Mjomba aliuliza ulizo la "nani" kwa adabu, mbele ya mtu aliyefaa kulijibu. Akapewa jibu: "Ni Mungu." Mlango ukafungwa. Lakini ulizo halikufa. Lilitoka pale, likazunguka mtaani usiku, likatafuta mlango mwingine, na likamkuta mjane asiye na mume, asiye na mali, asiye na mtu wa kumtetea. Kamba zilizochoka zilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe alipokataa kujibu, bibi kizee ndiye aliyejibishwa.

Wote tunajua ya kwamba katika Congo ya mashariki wazee, hasa wanawake, wanasumbuliwa na mashitaka ya ulozi, na wengine wameuawa. Tunasema ni ukosefu wa elimu. Ni kweli, lakini si ukweli wote. Mashitaka yale yanakua vizuri mahali ambapo walio na nguvu hawajibu. Kila mara tajiri anaposema "ni Mungu" juu ya kitu kilichotoka mkononi mwake, anawasha moto katika nyumba ya maskini asiyemjua.

4. Sheria ya wazungu ilifika mahali wazee walipokuwa

Wengine watasema: hayo ni ya kijiji, kazi ya kisasa ina sheria zake. Basi tuangalie sheria hizo zilizaliwa namna gani.

Huko Ulaya, wakati wa viwanda vya kwanza, mtu aliyekatwa na masini alipaswa kumshitaki mwenye kiwanda na kuonyesha kosa lake. Nani angeweza? Amelala bila mkono, hana franka ya mwanasheria, na wenzake wanaogopa kutoa ushahidi. Karibu kila mara alishindwa. Ndipo mawazo yakageuka. Ujerumani ikatoa sheria ya bima ya ajali za kazi mwaka 1884, wakati wa Bismarck. Uingereza ikafuata mwaka 1897, Ufaransa mwaka 1898, Ubelgiji mwaka 1903. Wazo kubwa la sheria hizo lilikuwa hili: hatari ni sehemu ya kazi, na anayevuna faida ya kazi abebe hatari yake, hata bila kosa kuonekana. Baraza la mjomba wa Kitabwa lisingeshangaa hata kidogo kusikia hivyo.

Lakini sheria ile ya Ubelgiji haikuvuka bahari pamoja na mabwana. Reli ya Matadi mpaka Léopoldville ilijengwa kati ya mwaka 1890 na 1898. Hesabu rasmi ya wakati ule ilisema Weusi 1.800 na Wazungu 132 walikufa pale. Kwetu, reli ya CFL kutoka Kabalo, kilometa 273, ilifika ziwani mwaka 1915, na mji huu, ulioitwa Albertville, ukakua juu yake. Wale waliochimba njia ile katika bonde la Lukuga walikuwa watoto wa ukoo, wamekwenda katika safari ya mwingine. Ulizo la wajomba wao lilipelekwa kwa nani?

Baada ya uhuru mambo yalibadilika kwenye karatasi. Sheria ya tarehe 29 juni 1961 ilipanga ulinzi wa jamii, na INSS, ambayo wazee wengi wanaikumbuka kwa ajili ya pensheni, ilianza kushughulika pia na ajali na magonjwa ya kazi. Sheria ya kazi ya tarehe 16 oktoba 2002 iliweka wajibu wa usalama na afya mahali pa kazi. Sheria ya tarehe 15 julai 2016 ikatengeneza upya ulinzi wa jamii, na INSS ikageuka kuwa CNSS.

Wenye kazi wafahamu mambo manne katika sheria hizo, sababu wengi wanayasikia kwa mbali tu.

La kwanza: kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazi, mwenye kazi analipa CNSS 1,5 kwa mia ya mshahara. Sehemu hii ni yake peke yake. Haikatwi kwenye mshahara wa mtu wa kazi.

La pili: ajali ni ajali ya kazi ikimpata mtu kwa sababu ya kazi ao katika nafasi ya kazi, hata kama yeye mwenyewe alikosea kidogo. Njia ya kwenda kazini na kurudi nyumbani imehesabiwa pia. Hivyo maneno ya "hakuwa mwangalifu" hayafungi mlango.

La tatu: malipo si sanduku peke yake. Kuna matunzo ya lopitali, kuna malipo ya siku ambazo mgonjwa hawezi kufanya kazi, kuna pensheni ao malipo mengine kwa aliyebaki na kilema, na kama amekufa, kuna msaada wa maziko na pensheni ya mjane na yatima. Lakini haya yote yanaanza na kitu kimoja: mwenye kazi awe ameandika watu wake, na ajali itangazwe bila kukawia kwa CNSS na kwa inspekta wa kazi. Ajali iliyofichwa ni mtoto asiyeandikwa; kesho hatakuwa na haki.

La nne, na hili linawagusa wengi kwetu: mtu wa kazi ya siku. Bandarini, kwenye matofali, kwenye magunia ya simenti, wako watu wanaochukuliwa asubuhi na kulipwa jioni, miaka mitano, na bwana anasema: "Huyu haiko mutu yangu, ni wa siku tu." Sheria ya mwaka 2002 inasema ya kwamba mtu wa siku akiisha kufanya siku 22 katika miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kuisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Ni mtu wako basi, hata kama hutaki kumwita hivyo.

5. "Wewe ni mtoto wangu"

Ninajua neno ambalo wengi wanalo mdomoni. "Hayo ni ya kampani kubwa. Mimi nafanya kazi na wajukuu na wapwa. Kijana wa mashua yangu ni mtoto wa dada yangu. Unataka niandike mkataba na damu yangu?"

Neno hili ni zito, na tusilipite mbio. Katika mji wetu, tangu viwanda vikubwa kama Filtisaf vilipofungwa, kazi nyingi zinapita katika undugu. Mpwa anavua kwenye mashua ya mjomba, dada mdogo anasaga kwenye masini ya kaka, kijana wa kanisa anabeba magunia ya mzee wa kanisa. Undugu huu umeokoa watu wengi na njaa. Lakini pia umeleta ugonjwa wake. Mtu wa kazi hawezi kudai. Ukimdai mjomba, unaonekana huna adabu. Ukiuliza jile ya kuokolea, unaambiwa unamwombea mashua izame. Na akiumia, bwana anakuwa baba: anatoa alichotaka, saa aliyotaka, na yule anapaswa kupiga magoti na kushukuru.

Hata makampani ya kikoloni yalipenda kujiita baba. Yalitoa nyumba, posho na daktari, na mtu wa kazi alibaki mtoto. Tulirithi neno lile, tukaliingiza katika undugu wa kweli, na sasa hatujui tena linaanzia wapi.

Lakini desturi yenyewe inasema nini? Je, undugu unafuta deni? Mimi nasema ni kinyume. Mjomba aliyemchukua mpwa wake ameazima mtu kwa dada yake mwenyewe. Deni lake ni mara mbili: anadaiwa kama mwenye kazi, na anadaiwa kama mjomba. Yule ambaye katika desturi ndiye aliyepaswa kusimama na kuuliza "alikuwa kazi ya nani?", leo ndiye mwenye kazi. Kama yeye akinyamaza, nani atasema? Kwa hiyo mwenye kuajiri ndugu ndiye wa kwanza kuandika, ndiye wa kwanza kununua jile. Karatasi haiui undugu. Karatasi inaulinda siku ile machozi yanapokuwa mengi na kila mtu anakumbuka mambo kwa namna yake.

Na pale ambapo waliotuma ni wengi? Mwenye nyumba alimpa kazi fundi mkuu, fundi mkuu akamchukua msaidizi. Kila mmoja atamwonyesha mwingine kwa kidole. Hapa pia wazee walikuwa na njia: aliye karibu anajibu kwanza, lakini yule ambaye nyumba itabaki kuwa yake asijifiche nyuma ya fundi. Kabla kazi haijaanza, wote wawili waseme wazi mbele ya watu: nani analeta miti na kamba, nani anazikagua kila asubuhi, na mtu akianguka nani anampeleka lopitali. Dakika kumi za maneno hayo zina faida kuliko siku kumi za kilio.

6. Je, kweli ajali haina kinga?

Methali hii tunaitumia vibaya. Ina ukweli wake: mtu hawezi kuzuia kila kitu, na mwangalifu pia anaumia. Ni maneno ya kumfariji aliyeumia. Haikutungwa kuwa ngao ya aliyeumiza. Tena lugha ile ile inatufundisha ya kwamba kinga ni bora kuliko tiba.

Wakristo kati yetu wasome Kumbukumbu la Torati, sura ya 22. Pale mtu anayejenga nyumba mpya anaamriwa aweke ukingo juu ya dari yake, kusudi damu ya mtu atakayeanguka isiwe juu ya nyumba ile. Haisemi asubiri mtu aanguke. Na katika Kutoka, sura ya 21, kuna habari ya ng'ombe mwenye kupiga pembe. Akiua mtu mara ya kwanza, hukumu ya mwenyewe ni nyepesi. Lakini kama ng'ombe alizoea kupiga, na mwenyewe alikwisha kuonywa asimfunge, hukumu inakuwa nzito sana. Sura ile ile inamtaka aliyempiga mwenzake amlipie wakati aliopoteza na amwuguze mpaka apone. Ndugu zetu Waislamu nao wanalo fundisho la Mtume juu ya kumlipa mtu wa kazi kabla jasho lake halijakauka. Kama jasho haliwezi kungoja, damu itangoja?

Ule mfano wa ng'ombe unanigusa sana. Ng'ombe wetu tunawajua. Mkanda wa masini ya kusaga unaozunguka wazi, pembeni ya mama mwenye kitenge kirefu na mtoto mgongoni: ng'ombe huyo amekwisha kuonekana akipiga. Kinga yake ni mbao chache ao wavu wa chuma. Miti ya kupandia yenye kamba za zamani: kinga yake ni kamba mpya na mtu wa kuzijaribu asubuhi. Vumbi la simenti kwa vijana wanaobeba magunia ya kilo 50 kutwa nzima: kinga yake ni maski, maji ya kunawa, na zamu za kupumzika. Mchanga unaochimbwa chini mpaka ukuta wa juu unaning'inia: kinga yake ni kuanza kuchimba kutoka juu.

Na ziwa letu. Nani hapa hajui ya kwamba Tanganyika inabadilika kwa saa moja? Desemba 2014 meli Mutambala ilizama kwenye maji ya upande wetu na watu zaidi ya 100 walikufa. Tulilia, tukasema hatutasahau. Lakini leo angalia mashua zinazotoka jioni na taa zake kwenda kuvua. Mara nyingi kuna taa nzuri, kuna injini nzuri, kuna wavu wa bei kali; jile za wavuvi hakuna. Mwenye mashua amekinga kila kitu kilichonunuliwa kwa franka. Kile kilichotoka tumboni mwa mama ndicho kimeachwa bila kinga.

7. Neno la mwenye kazi maskini

Ni haki kumsikiliza pia yule anayesema: "Mimi si kampani. Nina masini moja tu. Nikilipa mkono wa mtu, nitafunga, na sisi wote tutalala njaa." Anasema kweli. Desturi ya zamani ilijua jambo hili; ndiyo maana deni la damu halikulipwa na mtu mmoja. Ukoo wake wote ulikusanya.

Leo tumetoka katika koo zetu, lakini likelemba tunaijua wote. Kila mmoja anaweka kidogo kila mwezi, na siku ya mmoja ikifika anapewa kikubwa. Ile 1,5 kwa mia ni likelemba ya wenye kazi: wengi wanaweka kidogo, kusudi yule aliyepatwa asianguke pamoja na mtu wake. Asiyeweka kwa sababu "mimi nimekuwa na bahati miaka yote" anafanana na mtu anayekula likelemba za wenzake na kukataa kutoa yake. Na kwa wale ambao kazi yao ni ndogo sana, hakuna kinachowakataza wenye mashua wa pwani moja, ao wenye masini wa mtaa mmoja, kuwa na kisanduku chao cha ajali, na kitabu, na mweka hazina. Kisanduku hicho hakitachukua nafasi ya sheria. Lakini kitawazoesha kusema neno "deni" bila kuona haya.

Masikini anayejibu kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi, amejibu. Tajiri anayeleta ng'ombe kwenye kilio na kesho kuzima telefone yake hajajibu.

8. Kumaliza

Sikuandika haya kusudi tuwachukie wenye kazi. Wengi kati ya wasomaji wa kitabu hiki ni wenye kazi: tuna mlinzi, tuna binti wa kusaidia nyumbani, tuna kijana wa kubeba, tuna fundi anayemaliza nyumba yetu pole pole. Basi tujipime kwa maulizo matatu, ambayo ni ya wazee, si yangu. Yule niliyemtuma, wakubwa wake wananijua, na mimi nimewajua? Ile hatari niliyoiona kwa macho yangu, nimeiwekea kinga? Na akiumia, nitakwenda mimi kwao kabla hawajaniita, nikiwa na jibu, si na bahasha tu?

Mtu akikuuliza kwenye kilio kama ulicholeta ni pole ao ni deni, usikasirike. Amekupa heshima kubwa: amekuuliza wewe, mbele ya watu, mchana. Jibu hivi: "Unga huu ni pole, muzee. Deni tutaketi kulisema baada ya maziko, na mimi sitakimbia." Maneno hayo hayatamrudisha marehemu. Lakini vijana wa ukoo watayasikia, ulizo lao litakuwa limepata mwenyewe, na shangazi mzee atalala usiku ule katika nyumba yake.